Kona na Breki: Mwalimu wa Uwanjani Awajibu Wasomaji

Barua nyingi za safari hii zinauliza kuhusu breki, na nimefurahi. Kwa kawaida huulizwa injini ina nguvu za farasi wangapi. Ninapokaa kiti cha abiria nikimfundisha dereva uwanjani, farasi hunionyesha kidogo sana. Mguu wake unavyoachia breki ndio hunionyesha gari limeundwaje na yeye analielewa kiasi gani. Nimechagua barua sita.

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma vipimo vya kusimama kutoka kilomita 100 kwa saa. Porsche 911 na kupe (gari la milango miwili) moja yenye injini mbele zilipishana mita moja tu, zikiwa na matairi ya aina moja. Lakini watu wa uwanjani wananiambia 911 haina mpinzani kwenye breki. Mkweli ni nani?

Marahaba. Wote ni wakweli, ila hawazungumzii jambo moja.

Kipimo cha kilomita 100 hufanywa breki zikiwa baridi, gari limenyooka, lami kavu, mara chache tu. Hapo tairi ndilo linaloamua karibu kila kitu. Gari linalopunguza mwendo kwa nguvu sawa na mvutano wa dunia husimama ndani ya mita 39 hivi. Likivishwa matairi yenye mshiko zaidi kwa asilimia 20, linasimama ndani ya mita 33. Breki za gari lolote la spoti la kisasa zina nguvu ya kutosha kubana magurudumu mpaka ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, iamke, kwa hiyo kalipa kubwa (kalipa ndiyo inayobana pedi kwenye diski) haina la kuongeza katika mita hizo.

Sasa njoo uwanjani. Unafika mwisho wa sehemu iliyonyooka ukiwa na kilomita 200 kwa saa, na kona inataka 100. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, nishati ni mara nne. Gari la kilo 1,500 likishuka kutoka 200 hadi 100 linatoa joto la megajuli 1.7 hivi, mara tatu ya lile la kushuka kutoka 100 mpaka kusimama kabisa. Tuseme diski mbili za mbele zinabeba asilimia 70 ya kazi hiyo, na kila moja ina kilo 9 za chuma. Joto lao linapanda kwa karibu nyuzi 150 kwa breki hiyo moja, na kona inayofuata inakuja kabla hazijapoa. Kipimo ulichosoma hakikufika huko.

Tuje kwa 911 yenyewe. Injini yake iko nyuma ya ekseli ya nyuma, na karibu asilimia 60 ya uzito inakaa huko. Ukifunga breki, uzito unahamia mbele kwenye kila gari, hakuna linaloepuka. Kiasi kinachohama kinategemea uzito wa gari, urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini, na umbali kati ya ekseli mbili. Fanya hesabu na mimi: gari la kilo 1,500, kitovu cha uzito kiko nusu mita juu ya lami, ekseli zimeachana mita 2.5. Ukisimamisha kwa nguvu sawa na mvutano wa dunia, kilo 300 zinahama. Kupe ya injini mbele iliyoanza na kilo 825 mbele na 675 nyuma sasa ina 1,125 mbele na 375 nyuma. Matairi yake ya nyuma yamebakiwa na robo tu ya mzigo, kazi yao ni ndogo. Gari la mpangilio wa 911 lilianza na 600 mbele na 900 nyuma. Sasa lina 900 mbele na 600 nyuma. Matairi yote manne yako kazini.

Hilo lina uzito zaidi ya linavyoonekana, kwa sababu mshiko wa tairi haukui sawasawa na mzigo. Ukiongeza mzigo mara mbili, mshiko unaongezeka, lakini haufiki mara mbili. Gari linalogawa mzigo wake karibu sawa kwa matairi manne linapata mshiko mwingi kuliko linaloulundika kwenye mawili. Tena breki za nyuma za 911 zinapewa kazi halisi, kwa hiyo joto linagawanyika, na za mbele zinachelewa kuchoka. Ndiyo maana mita moja ya kwenye karatasi inaongezeka mizunguko inavyosonga. GT3, toleo la 911 la kupenda uwanjani, ilipotoka upya mwaka 2021 ilipewa diski za chuma za milimita 408 mbele badala ya 380 za ile iliyotangulia. Waliozibuni hawakuwa wakifukuzia kipimo cha breki baridi. Walikuwa wanafikiria mzunguko wa kumi.

Mwalimu, nina Mazda MX-5 ambayo haijaguswa chochote. Mzunguko wa nne au wa tano kanyagio la breki linazama karibu na sakafu. Fundi ananishauri nifunge kalipa kubwa za pistoni nne. Nikubali?

Usikubali bado. Anza na kitu cha bei ndogo kuliko vyote: mafuta ya breki.

Kanyagio likizama na kuwa laini, mafuta yamechemka. Mvuke unabanika, mafuta hayabaniki, kwa hiyo mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma pistoni zinazobana pedi. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo hata gari likiwa limeegeshwa. Kiwango cha DOT 4, daraja mojawapo la mafuta ya breki, kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiasi kinachotumika kwenye kipimo, kiwango kinachodaiwa kinashuka mpaka 155. Huo ni umbali mkubwa sana, na mwenye gari haoni tofauti yoyote kwenye barabara ya kawaida. Badilisha mafuta yote, utoe hewa kwenye kila gurudumu, utumie yanayovumilia joto kubwa. Yapo ya mbio yanayopita nyuzi 300 yakiwa mapya.

Kama tatizo lingekuwa kinyume chake, yaani kanyagio limekaza vizuri juu ila gari halipungui mwendo hata ukikandamiza kwa nguvu zote, hapo pedi ndizo zilizozidiwa na joto. Dawa yake ni pedi za uwanjani, ambazo zitapiga kelele na kutoa vumbi jingi, na zikiwa baridi hazitashika vizuri kama za kawaida. Ukipita njiani kuelekea kazini asubuhi, kumbuka hilo. Na kama usukani unatetemeka ukifunga breki baada ya siku ya uwanjani, usikimbilie kusema diski imepinda. Mara nyingi ni mabaki ya pedi yaliyoganda juu ya diski kwa mabaka.

MX-5 ni gari la kilo elfu moja na ushei. Uzito huo mdogo ndio breki yako bora, na kalipa kubwa na diski nzito zinaongeza uzito pale pale gurudumuni ambapo wabunifu walihangaika kuupunguza. Baada ya mafuta na pedi, jifunze kupoza. Mzunguko wa mwisho uendeshe bila kugusa breki kadiri inavyowezekana, kisha ukiegesha usivute hendibreki. Weka gia. Pedi moto zikibana diski moto iliyosimama, joto linabaki sehemu moja na mabaki yanaganda.

Mwalimu, nilifundishwa nimalize breki gari likiwa limenyooka, ndipo nikate kona. Mume wangu anaingia konani bado mguu uko kwenye breki, na muda wake ni mzuri kuliko wangu. Tunapokezana Toyota GT86 moja. Nimuige? Na je, magari ya injini katikati yanataka hivyo hivyo?

Dada yangu, swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Ulichofundishwa ni sahihi kwa mtu anayeanza, na aliyekufundisha alikulinda. Lakini kuna hesabu inayoshangaza watu. Tairi lina kiasi kimoja cha mshiko, unakigawa kati ya kupunguza mwendo na kukata kona. Wengi wanadhani ukitumia asilimia 80 kwa breki inabaki 20 ya kukata. Sivyo, kwa sababu nguvu hizo mbili zinavuta pande tofauti, moja nyuma na nyingine ubavuni, na zinajumlishwa kama pande za pembetatu mraba. Ukitumia 80 kwa breki, bado una 60 ya kukata kona. Ukitumia 60, una 80. Anayemaliza breki yote kabla ya kugeuza usukani anaacha mshiko mwingi bila kutumika katika mita zile za katikati. Mume wako anautumia.

Kuna faida ya pili, nayo kwangu ni kubwa kuliko ya kwanza. Breki iliyobaki inaweka uzito juu ya matairi ya mbele, na pua inakubali kuingia. Ukiachia breki ghafla kisha ukageuza usukani, uzito unarudi nyuma wakati ule ule unapouhitaji mbele.

GT86 ni shule nzuri ya jambo hili. Ilitoka mwaka 2012 na matairi yenye upana wa milimita 215 tu, membamba kwa gari la spoti, na uzito wake umegawanyika karibu 53 mbele na 47 nyuma. Inateleza mapema, kwa mwendo mdogo, na inakuambia kabla haijateleza. Ukiingia na breki kidogo mkia unalegea taratibu, una muda wa kusikia na kurekebisha. Jaribu hivi: funga breki yako yote kama ulivyozoea, gari likiwa limenyooka, ila unapoanza kugeuza usukani usiiachie yote. Bakiza ule uzito mdogo wa mguu, kisha uuondoe kidogo kidogo kadiri mikono inavyoongeza kugeuza, uishe unapokaribia kitovu cha kona, pale gari linapogusa ukingo wa ndani. Mikono inaongeza, mguu unapunguza. Anza kwenye kona pana yenye nafasi ya kutosha upande wa nje, si kwenye ile yenye ukuta.

Kwa magari mengine, mwendo ni huo huo ila adhabu hutofautiana. Kwenye 911 breki ya kuingilia ni lazima, maana pua ni nyepesi. Bila uzito juu yake gari linakwenda moja kwa moja nje ya kona. Lakini ukiwa ndani ya kona ukaogopa na kuondoa mguu ghafla kwenye mafuta, uzito unaondoka nyuma, matairi ya nyuma yanaachia, na injini iliyoning'inia kule nyuma inataka kuendelea na safari yake. Mkia unatoka, na ukishatoka una nguvu.

Magari ya injini katikati, kama Lotus Elise, Alpine A110 au Ferrari 458, yana tabia ya tatu. Mfikirie mtu aliyebeba mzega, mzigo huku na mzigo kule. Akigeuka, anaanza polepole, na akishaanza kugeuka ni vigumu kumsimamisha. Aliyekumbatia mzigo ule ule kifuani anageuka wakati wowote anapotaka. Gari la injini katikati limekumbatia mzigo wake kifuani. Linaingia konani haraka, linafuata breki yako kwa uaminifu mkubwa, na pia linazunguka haraka ukilikosea. A110 ina asilimia 44 ya uzito mbele na 56 nyuma, ni nyepesi, springi zake ni laini kiasi cha kukuonyesha uzito unavyohama. Kwa dereva anayetoka GT86 hiyo ndiyo ningemkabidhi kwanza. Elise ya kwanza, ya mwaka 1996, ilikuwa na kilo 725 hivi na haikuwa na sevo ya breki, kile kifaa cha kuongezea nguvu ya mguu, kabisa. Unakandamiza kwa nguvu ya mguu wako mwenyewe, na kila unachofanya unakisikia kwenye nyayo. Sijawahi kukutana na kifaa bora zaidi cha kumfundishia mtu kuachia breki.

Kwa hiyo ndiyo, muige mume wako. Muige kuachia, wala usishindane naye kuchelewa kufunga.

Mwalimu, je, diski za kauri zinafupisha umbali wa kusimama?

Kwa breki moja ya barabarani, hapana. Tairi ndilo linalokusimamisha, kama nilivyosema hapo juu. Porsche walizileta kwenye 911 GT2 mwaka 2001, na zilichobadilisha ni vitu viwili: zina uzito wa karibu nusu ya chuma, hivyo gurudumu linafuata lami vizuri zaidi, na zinavumilia joto kubwa sana bila kulegea. Barabarani zinaweza kukaa miaka mingi. Uwanjani kila wiki zinaweza kuchakaa, na bei yake ikifika watu wengi wanarudi kwenye chuma bila majuto. Mimi ningenunua chuma, pesa inayobaki ningenunulia matairi na pedi.

Mwalimu, rafiki yangu ana Nissan GT-R R35 na anadai kwa kuwa magurudumu yote manne yanasukuma, basi inasimama vizuri kuliko magari yanayosukumwa nyuma. Ni kweli?

Si kweli. Kila gari, liwe linasukumwa mbele, nyuma au kote, hufunga breki kwa magurudumu manne. Kusukuma kote kunamsaidia rafiki yako anapotoka konani, na hapo GT-R ni gari la ajabu kweli: unakanyaga mafuta mapema, mfumo unapeleka hadi nusu ya nguvu mbele, na gari linajivuta kutoka pale ambapo wengine bado wanahangaika na mkia.

Lakini kabla ya kutoka lazima uingie, na R35 ilipotoka mwaka 2007 ilikuwa na kilo 1,740. Ukiiweka sambamba na ile Elise ya kilo 725, kwa kasi moja GT-R ina nishati ya kuondoa mara 2.4. Breki zake ni kubwa na nzuri, na giaboksi imewekwa nyuma ili kusawazisha uzito, ila joto halipotei kwa heshima ya mtu. Linaingia kwenye diski, pedi na matairi.

Watu hunionyesha rekodi ya mwaka 2013, dereva Michael Krumm alipoizungusha GT-R Nismo, toleo kali la gari hilo, katika uwanja wa Nordschleife, Ujerumani, kwa dakika 7 na sekunde 8.679. Ni kazi kubwa na ninamvulia kofia. Huo ni mzunguko mmoja wa kilomita 20.6, na kona nyingi za pale zinapitwa kwa kasi, kwa hiyo breki zinapata hewa. Peleka gari zito Monza, uwanja wa Italia, ambako unatoka kasi ya juu kabisa na kuingia kona ya mkato ya Rettifilo, kisha Roggia muda mfupi baadaye, kisha Ascari, mzunguko baada ya mzunguko. Hapo ndipo kilo zinadai.

Mwambie rafiki yako afunge mapema kidogo gari likiwa limenyooka, aingie polepole kuliko moyo wake unavyotaka, kisha aifaidi GT-R kwenye kutoka. Akijaribu kuingia nayo kama Elise atamaliza matairi ya mbele kabla ya chakula cha mchana.

Mwalimu, nimepata nafasi ya kuendesha uwanjani kwa siku moja Corvette C8 na Porsche Cayman, kabla sijaamua ninunue lipi. Nipime nini? Na je, nizime ABS ili nijue breki halisi?

ABS usiizime. Katika magari haya inafanya kazi kwa kila gurudumu peke yake, jambo ambalo mguu mmoja juu ya kanyagio moja hauwezi.

Kuhusu kupima: yote mawili yana injini katikati (Corvette ilihamia huko na modeli ya 2020, kabla ya hapo ilikuwa mbele), kwa hiyo mwanzoni utadhani yanafanana. Tofauti ya kwanza utaikuta chini ya mguu. Breki za C8 zinaendeshwa kielektroniki. Kanyagio linatuma ombi, kompyuta inaleta shinikizo, na hisia unayopata imetengenezwa. Wengine wanaipenda kwa sababu haibadiliki joto likipanda. Mimi napenda kusikia diski zinavyochoka, kwa hiyo kanyagio la kawaida linalosukuma mafuta ya breki moja kwa moja ndilo linaloniongoza vizuri. Jua wewe uko upande gani. Hakuna mtu wa kukuamulia.

Kagua matairi kabla ya yote. Kama moja limevaa matairi ya nusu-mbio kama Michelin Pilot Sport Cup 2 na jingine la kawaida, utakuwa unalinganisha matairi. Shinikizo la hewa lipimwe yakiwa moto, siyo asubuhi tu. Halafu usianze kwa kutafuta muda. Chagua kona moja yenye breki nzito na kona moja ndefu ya kasi ya kati, na uangalie hizo mbili tu katika magari yote mawili. Kwenye ile ya breki nzito, tafuta alama ile ile ya kuanzia kufunga, kisha usikilize: je, gari linanyooka au mkia unatikisika? Ukiachia nusu ya breki, linapunguza nusu ya nguvu, au linaachia zaidi ya ulivyoomba? Kwenye kona ndefu, punguza mafuta kidogo sana katikati na uone pua inaingia ndani kwa kiasi gani, na kwa upole au kwa kushtuka.

Rudia yote hayo mwishoni mwa kila kipindi, breki na matairi yakiwa ya moto, maana gari utakaloishi nalo uwanjani ni lile la dakika ya ishirini. Kabla ya kuingia gari la pili, keti pembeni uandike ulichosikia mguuni. Ukishaendesha la pili, kumbukumbu ya la kwanza inafutika haraka mno.